Bei mbili za chupa ileile: tofauti imekaa wapi?

Swali: Nataka kuagiza chupa 3,000 za kuhifadhi joto, za nusu lita, za chuma kisichoshika kutu, kutoka ng'ambo. Viwanda viwili vimenitumia bei, na cha pili ni rahisi kuliko cha kwanza kwa asilimia 30. Sampuli nimezipokea, na nikizishika mkononi sioni tofauti. Wenzangu wengine wananionya kwamba rahisi ni ghali. Wengine wanasema bidhaa zote hutoka sehemu moja na kinachotofautiana ni nembo tu. Nifuate ushauri upi?

Jibu: Ndugu mwulizaji, wanaokuonya na wanaokutia moyo wameruka hatua ileile, kwa sababu wote wanalinganisha bei kabla ya kulinganisha bidhaa. Mpaka sasa unachojua ni kwamba watu wawili wamekutajia bei za vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Kama kweli ni kitu kimoja, bado hujui. Asilimia 30 haipotei hewani. Imekaa mahali fulani panapoweza kupimwa: kwenye unene wa bati, kwenye aina ya chuma, kwenye mpira wa kizibo, kwenye katoni, kwenye mshahara wa mtu anayekagua chupa kabla hazijafungwa, au pengine kwenye faida ya dalali ambaye wewe unadhani ni kiwanda cha kwanza. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta ilipo, na nitakueleza namna ya kuitafuta kabla sijagusa suala la nani apewe oda.

Kwanza niondoe jambo moja njiani, kwa kuwa barua nyingi ninazopokea huanzia hapo. Nchi ilikotengenezwa bidhaa hukwambia machache sana kuhusu ubora wake. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Philadelphia, mhandisi Mjerumani Franz Reuleaux aliandika kwamba bidhaa za nchi yake mwenyewe zilikuwa rahisi na mbovu. Mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria iliyolazimisha bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatahadharisha wanunuzi dhidi ya mali ya Ujerumani. Haikuchukua miaka mingi kabla maneno yale ya tahadhari, "Imetengenezwa Ujerumani", hayajageuka kuwa sifa. Japani nayo ilibeba jina baya baada ya vita, na miongoni mwa waliosaidia kulibadili ni Mmarekani W. Edwards Deming, aliyeanza kuwafundisha wahandisi na mameneja wa huko udhibiti wa ubora mwaka 1950, na ambaye baadaye aliwasihi wakuu wa kampuni waache kutoa oda kwa kuangalia bei peke yake. Tena si kila kasoro ni ya kiwanda. Kampuni ya Mattel ilipoita virudishwe mamilioni ya vitu vya kuchezea mwaka 2007, ofisa wake mmoja alikiri hadharani mjini Beijing kwamba sehemu kubwa ya kasoro zile, hasa zile za sumaku ndogo zilizoweza kuchomoka, zilitokana na michoro ya Mattel yenyewe wala si uzembe wa watengenezaji wa China. Kiwanda kilitengeneza kilichoagizwa. Kwa hiyo ukibadilisha kizibo au mpini kwa ubunifu wako, ujue kwamba kuanzia hapo nusu ya ubora iko mikononi mwako.

Sasa tuirudie chupa. Chupa ya namna hii ni chupa mbili, moja ndani ya nyingine, zilizolehemewa pamoja mdomoni, na hewa iliyokuwa katikati imenyonywa hadi pakabaki ombwe. Ombwe hilo ndilo unalolinunua. Vingine vyote ni vazi lake. Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama kina njia nyingi, na karibu zote hazionekani kwa macho.

Njia ya kwanza ni aina ya chuma. Chuma kinachotarajiwa kugusana na chai au maji ni kile cha daraja la 304, chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Nikeli ni ghali, na ndiyo maana likabuniwa daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa hadi kati ya asilimia 3.5 na 5.5, na pengo likajazwa kwa manganizi. Siku ya kwanza madaraja haya mawili yanang'aa sawasawa. Tofauti hujitokeza baadaye, kwenye mshono wa ndani na kwenye shingo, penye chumvi au tindikali ya matunda, ambako daraja la 201 huanza kutoa vidoa vya kahawia mapema zaidi. Wengi huja na sumaku wakidhani itawaamulia kesi. Haitawaamulia, kwa kuwa chuma cha 304 na cha 201 vyote kwa kawaida havivutwi na sumaku. Na zaidi ya hapo, hata 304 halisi huweza kuvutwa kidogo pale ilipokunjwa kwa nguvu, kama shingoni, kwa hiyo sumaku inaweza kumtia hatiani asiye na kosa. Wakaguzi hutumia tone la kemikali pamoja na betri ndogo, na tone hilo hugeuka jekundu penye manganizi nyingi, au huleta kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma madini yaliyomo kwa sekunde chache. Mpangilio ninaokutana nao mara kwa mara ni 304 ndani na 201 nje. Huo si wizi, ilimradi umeelezwa na umeukubali na bei yake imeshuka ipasavyo. Huwa wizi pale karatasi inaposema 304 bila kufafanua ni ukuta upi.

Njia ya pili ni unene. Ukuta ukishuka kutoka milimita 0.5 hadi 0.4, moja ya tano ya chuma imeondoka, na hakuna mkono wa binadamu utakaotambua kwa kuitikisa tu chupa. Mizani hutambua. Chukua sampuli zako mbili, ondoa vizibo, zipime bila kitu kingine chochote, uandike gramu. Ni kipimo cha dakika mbili, na kimenifichulia mambo mengi kuliko vyeti vyote nilivyowahi kuletewa mezani. Ukiwa na ujasiri zaidi, toa sadaka sampuli moja ya kila kiwanda ikatwe katikati kwa msumeno, kisha upime kuta kwa maikromita. Utauona pia mshono wa ndani, kama umesuguliwa ukawa laini au umeachwa na ukingo utakaokusanya uchafu.

Njia ya tatu iko kitakoni, na watu wengi hawaijui. Tundu la kunyonyea hewa lazima lizibwe. Viwanda vingine huliziba kwa tone la lehemu yenye madini ya risasi, kisha hulifunika kwa kisahani cha chuma; vingine hutumia kizibio cha kioo kisicho na risasi. Kisahani kikibaki mahali pake, kinywaji hakiigusi risasi hata kidogo. Kikibanduka baada ya chupa kuangushwa mara mbili tatu, mtumiaji, au mtoto wake, atakuwa anaishika. Uliza kila kiwanda kwa maandishi kinaziba kwa kitu gani, na usikubali jibu la mkato kwamba chupa ni salama.

Rangi ya nje, mpira wa kizibo na katoni sitavizungumzia kwa urefu. Mpira uwe wa silikoni inayofaa kwa chakula, ambayo ukiimiminia maji ya moto na kuinusa hainuki. Katoni iweze kubeba uzito wa katoni nyingine zilizopangwa juu yake kwa wiki kadhaa ndani ya kontena lenye unyevu. Nimeona chupa nzuri kabisa zikifika zimebonyea kwa sababu tu mtu aliokoa karatasi kwenye boksi.

Ombwe lenyewe unaweza kulijaribu hapo ulipo. Jaza chupa maji yanayochemka, funga, subiri dakika tano hivi, kisha zungusha kiganja chako kwenye mwili wa nje, chini ya shingo. Chupa yenye ombwe zima itakuwa ya baridi kama meza ilipokaa. Ikiwa na uvuguvugu, ombwe halipo, na chupa hiyo ni kikombe kizito tu. Sampuli zako zote mbili zitafaulu, bila shaka, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotuma sampuli mbovu. Lakini jizoeze jaribio hili kwa sababu utalihitaji mzigo ukikamilika.

Ukishajua tofauti zilipo, andika waraka mmoja wa vipimo, na ndani yake utaje daraja la chuma kwa kila ukuta, unene, uzito wa chupa tupu na kiasi unachoweza kupungua au kuzidi, namna ya kuziba kitako, aina ya mpira, aina ya rangi, katoni na majaribio ambayo chupa lazima ifaulu. Kisha upeleke waraka huohuo kwa viwanda vyote viwili na uombe bei upya. Hatua hii ndiyo jibu la swali lako zaidi ya kitu kingine chochote ninachoandika hapa. Mara nyingi bei ya chini hupanda na kukaribia ile ya juu, kwa kuwa sasa kinaulizwa kitu kilekile. Mara nyingine bei ya juu ndiyo hushuka, kwa kuwa muuzaji ameelewa kwamba mnunuzi anajua anachonunua. Na zipo nyakati ambapo kiwanda cha bei nafuu kinabaki nafuu hata baada ya masharti yote, kwa sababu kina mashine bora zaidi, au hakina dalali, au kimenunua chuma chake wakati bei ilipokuwa chini. Nafuu ya namna hiyo haina sumu, na ukiikataa kwa kuogopa methali utakuwa umejinyima.

Tuseme sasa tofauti inabaki, na inatokana kweli na ubora. Hapo tunaingia kwenye hesabu, na hesabu hii ina jambo linaloweza kuwashangaza wanaosema rahisi ni ghali. Chukulia bei ya kiwanda cha kwanza kuwa 100 kwa chupa na ya kiwanda cha pili kuwa 70. Ni vipimo vya mfano tu, weka fedha yoyote unayoitumia. Nauli ya meli hutozwa zaidi kwa nafasi inayochukuliwa na mzigo, kwa hiyo ni sawa kwa zote mbili, tuseme 20. Ushuru na tozo za forodha tuziweke asilimia 10 ya jumla. Chupa ya kwanza itakufikia kwa 132 na ya pili kwa 99. Ona kwamba pengo la asilimia 30 kiwandani limeshakuwa asilimia 25 ghalani kwako, kwa kuwa nauli haijali kama unasafirisha kitu kizuri au kibovu.

Endelea. Utaziuza zote kwa 180. Kila chupa mbovu itakulazimu urudishe 180 za mteja, na juu yake utumie kama 60 kwa usafiri, simu na muda. Ikiwa kiwanda cha kwanza kina chupa mbovu 2 katika kila 100, katika chupa 100 utabaki na faida ya 4,320. Cha pili kisipokuwa na kasoro hata moja kitakupa 8,100, na kila chupa mbovu itakumegea 240. Gawanya tofauti ya faida hizo mbili, ambayo ni 3,780, kwa 240, utapata kati ya 15 na 16. Kwa maneno mengine, katika mfano huu kiwanda cha bei nafuu kinaweza kukuletea chupa mbovu 15 katika kila 100 na bado kikakupa faida zaidi kuliko kile kizuri.

Sikuandika hivyo ili ukimbilie bei ya chini. Nimeandika ili uone kwamba swali lenye maana ni hili: je, kasoro za kiwanda cha pili zitavuka namba yangu ya mpaka? Namba hiyo hutofautiana kwa kila biashara, na unapaswa kuipiga mwenyewe kwa bei zako halisi kabla ya kusaini chochote. Ukiuza kwa faida nyembamba, mpaka unashuka haraka. Ukilazimika kuahidi dhamana ya mwaka mzima, unashuka zaidi, kwa sababu chupa ambayo ombwe lake linavuja taratibu hupita ukaguzi leo na kurudishwa baada ya miezi minne. Na kuna gharama ambayo haimo kwenye hesabu yangu kabisa: mteja ambaye harudishi chupa wala halalamiki, anaiweka kabatini na hanunui tena kwako. Huyo hana risiti ya kukuonyesha. Mimi, ninapokosa namna bora ya kumhesabu, hudhani kwamba kwa kila anayerudisha yupo angalau mmoja aliyenyamaza. Si kanuni ya kitaalamu, ni tahadhari ya mtu aliyewahi kuungua.

Mahali nilipoungua ni hapa. Zamani nilisimamia oda ya chupa kama zako kwa niaba ya mnunuzi mmoja, kutoka kiwanda ambacho sitakitaja. Sampuli tuliyoikubali ilikuwa na gramu 318. Shehena ya kwanza wastani ulikuwa 316, nikaridhika. Ya pili 309. Nikasema moyoni kwamba gramu saba si kitu. Ya tatu sikuipima, kwa kuwa tulikuwa tumeshazoeana na meneja wa kiwanda alikuwa akinitumia salamu za sikukuu. Malalamiko yalipoanza, chupa zikibonyea kwa kuguswa tu na vizibo vikikataa kufunga kwa sababu shingo zimepinda, nilitoa mzani ukasoma 287. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua kutudanganya sana. Kila mara kilichopunguzwa kilikuwa kidogo mno kiasi cha kuona haya kukilalamikia, na kiwanda kilichotupa bei ya chini kuliko uwezo wake kilikuwa kikijirudishia fedha zake gramu kwa gramu.

Ugonjwa huo una dawa, na dawa yake ni sampuli iliyofungwa. Ukishakubaliana na kiwanda, chagueni sampuli tatu zinazofanana, zitieni saini na lakiri nyote wawili. Moja ibaki kwako, moja kiwandani, ya tatu kwa mkaguzi. Andika kwenye mkataba kwamba bidhaa italinganishwa na sampuli hiyo. Pale ambapo nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980 kuhusu uuzaji wa bidhaa kimataifa, na wenyewe hamkuuondoa kwenye makubaliano yenu, sheria yenyewe inadai mali ifanane na sampuli iliyoonyeshwa. Lakini inakudai na wewe uikague mapema iwezekanavyo na utoe taarifa ya kasoro ndani ya muda wa busara, la sivyo haki yako inapotea. Anayeacha makatoni yamefungwa ghalani miezi sita kisha akalalamika, amejifunga mwenyewe.

Ukaguzi wa mwisho ufanyike kiwandani, mzigo ukiwa umekamilika na angalau sehemu kubwa imeshafungwa kwenye katoni, kabla hujalipa salio. Wakaguzi wengi huchota sampuli kwa majedwali ya kiwango cha kimataifa ISO 2859-1. Kwa chupa zako 3,000, katika kiwango cha kawaida cha ukaguzi, jedwali linaelekeza zichotwe chupa 125 kutoka katoni mbalimbali. Mkikubaliana kikomo cha asilimia 2.5 kwa kasoro kubwa, kile ambacho wakaguzi hukifupisha AQL, mzigo utapokelewa ukiwa na kasoro kubwa zisizozidi 7, na utakataliwa zikifika 8. Kasoro ya hatari, kama ukingo unaokata au kitako kilichoachia risasi, haivumiliwi hata moja.

Wanunuzi wengi hulielewa vibaya jedwali hili. Wanadhani mzigo uliofaulu una kasoro zisizozidi asilimia 2.5. Sivyo. Ukipiga hesabu ya uwezekano utaona kwamba mzigo wenye kasoro 5 katika kila 100 utafaulu ukaguzi huohuo takriban mara saba katika kumi, na ni pale kasoro zinapofika 10 katika 100 ndipo unapokataliwa zaidi ya mara tisa katika kumi. Ukaguzi ni wavu wa samaki wakubwa. Urudie kwenye namba yako ya mpaka: kama mpaka wako ni 15, wavu huu unakutosha, kama ni 4, haukutoshi, na itakubidi udai kikomo kikali zaidi, sampuli kubwa zaidi, au chupa zote zijaribiwe ombwe moja baada ya nyingine, jambo ambalo viwanda makini hulifanya kwa kawaida na hujivunia kukuonyesha. Waulize tu: mnajaribu ombwe la chupa zote au la chache? Mara nyingi jibu la swali hilo hueleza sehemu kubwa zaidi ya tofauti ya bei kuliko madaraja ya chuma.

Kuhusu malipo, utaratibu uliozoeleka ni asilimia 30 mwanzoni na 70 baada ya ukaguzi, kabla mzigo haujaondoka. Usilipe zote mwanzoni ili upunguziwe asilimia mbili tatu; salio lile ndilo sauti pekee uliyonayo kiwandani. Wapo wanaojiona salama kwa kuwa wanalipa kupitia barua ya mkopo ya benki, yaani ahadi ya benki kumlipa muuzaji akiwasilisha nyaraka zilizotajwa. Kanuni za UCP 600, zinazofuatwa na benki katika barua hizo, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na nyaraka, si na bidhaa. Nyaraka zikiwa sahihi benki italipa, hata kama ndani ya katoni mna matofali. Kwa hiyo, ukitumia njia hiyo, hakikisha ripoti ya mkaguzi uliyemchagua wewe imo kati ya nyaraka zinazodaiwa.

Vyeti navyo vitakuja kwa wingi, vyenye mihuri na rangi nzuri. Cheti cha ISO 9001 kinahusu mfumo wa usimamizi wa kiwanda na hakisemi lolote kuhusu chupa yako. Tena shirika la ISO lenyewe halitoi vyeti, hutolewa na kampuni za ukaguzi zinazojitegemea, na uzito wa cheti hutegemea ni ipi. Alama ya CE, inayodai kwamba bidhaa inatimiza kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa bidhaa nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na kwa chupa ya kawaida isiyo na umeme haina hata mahali pake. Ukiiona imechapwa kwenye chupa, jua aliyeichapa alikuwa anapamba. Alama ya glasi na uma ndiyo inayohusu vitu vinavyogusa chakula katika Umoja wa Ulaya. Ripoti ya maabara ina thamani zaidi, ila soma jina la bidhaa na picha iliyomo, kisha uiandikie maabara namba ya ripoti na uulize kama ni yao. Nimeonyeshwa ripoti safi kabisa ambayo, nilipoisoma ukurasa wa tatu, ilikuwa ya sufuria.

Je, yupo anayefaa kununua ile ya bei nafuu kwa makusudi, akijua ni dhaifu? Yupo. Anayezigawa kama zawadi kwenye mkutano wa siku mbili hahitaji mwili wa nje wa 304 wala rangi itakayodumu miaka mitano, na akilipia hayo atakuwa amelipia ubora ambao hakuna atakayeutumia. Mimi sina shida na bidhaa ya daraja la chini iliyouzwa kama daraja la chini. Mahali nisipokubali mapunguzo hata kwa nusu ya bei ni ukuta wa ndani, mpira wa kizibo na kitako, kwa kuwa hapo anayelipa tofauti ni mwili wa mtumiaji. Rangi, katoni ya zawadi, mng'aro na unene wa ukuta wa nje ni mambo ya kujadiliana.

Kwa hali uliyoieleza, usichague bado. Wiki hii pima uzito wa sampuli mbili bila vizibo, kata moja ya kila upande, ulize kuhusu kitako na kuhusu jaribio la ombwe, kisha upeleke waraka mmoja wa vipimo kwa viwanda vyote viwili. Bei mpya zikija, niandikie gramu ulizopata na bei ulizopewa, pamoja na bei unayotarajia kuuzia, na tutapiga namba yako ya mpaka kwa takwimu halisi badala ya hizi zangu za mfano.